Tumestaafu, tunataka bahari: maswali yenu ya mwezi huu

Toleo lililopita niligusia kidogo vile mimi na mzee wangu tulifunga nyumba Nakuru tukaenda kukaa Tanga, tukawa tunazunguka miji ya pwani polepole, leo Pangani, mwezi ujao Bagamoyo, tukichoka tunarudi Chumbageni, mtaa wa Tanga mjini, kwa chumba chetu. Sikujua kuna wazee wengi hivi huku kwetu wanawaza mambo hayo hayo usiku. Barua ni nyingi mno, nimechukua tano, na zile zinazouliza kitu kimoja nimezijibu pamoja.

Mimi ni mwalimu mstaafu, miaka 63, mke wangu 61, tunakaa Lanet. Watoto wanajitegemea. Tumeamua twende nje mwaka mmoja hivi, mahali pa joto karibu na bahari, na Tanzania ndio tumeona iko karibu na lugha tunaelewana. Sasa kuna jamaa anatuambia tuuze hapa Lanet tununue ploti Pangani inaangalia maji kabisa, ati bei ni ya kutupa. Mama watoto ameshaanza kuchora nyumba. Unaonaje?
*Mwalimu, Lanet, Nakuru*

Mwalimu, shikamoo. Usiuze. Naomba nirudie tena ndio mama naye asikie: msiuze Lanet.

Kwanza hiyo ploti yenyewe huwezi kuimiliki. Sheria ya Ardhi ya Tanzania ya mwaka 1999 haimpi ardhi mtu ambaye si raia, isipokuwa ni ya uwekezaji, na hiyo inapitia mamlaka ya uwekezaji na makaratasi yake yote, si nyinyi na jamaa na mwenye shamba mkae chini ya mwembe muandikiane. Kwa jambo hili Mkenya ni mgeni sawa tu na Mjerumani, Afrika Mashariki iwe moja namna gani, ardhi kila nchi imeshikilia sheria yake. Najua kuna watakaokwambia weka kwa jina la rafiki Mtanzania. Mwalimu, siku huyo rafiki akifariki watoto wake hawakujui, hawana deni na wewe, na kiinua mgongo cha miaka thelathini na kitu ya chaki kimeenda. Sitaki hiyo ikupate.

Pili, hata kama ingewezekana, mji wa pwani huujui kwa kuutembelea wikendi. Sisi kosa letu lilikuwa kodi. Nakuru tumezoea kulipa mwezi kwa mwezi, kule wenye nyumba wengi wanataka ya miezi sita au mwaka mzima mkononi, na sisi tuliiona ile nyumba Januari, jua linawaka, upepo mzuri, dirishani unaona bahari kwa mbali, tukalipa miezi sita papo hapo. Masika yakaingia, paa likaanza kuvuja juu ya kitanda, mwenye nyumba kila tukimpigia yuko safarini, na pesa ameshakula. Miezi mitatu tumelala tukihamisha godoro kama watu wa kambini. Kwa hivyo ushauri wangu ni mkae gesti kwanza, wiki mbili tatu, tena mwende Aprili au Mei wakati mvua inamwagika na bahari imechafuka. Mkiupenda mji wakati huo basi mtaupenda Desemba, lakini mji wa Desemba haukuambii chochote kuhusu Mei. Na mkishapata nyumba, uliza majirani mwaka jana maji yalifika wapi, usimuulize dalali.

Mambo ya upepo mtayajua haraka. Kuanzia Aprili hivi mpaka Septemba ni kusi, inavuma kutoka kusini mashariki, bahari inakuwa na fujo, ngalawa haziendi mbali na samaki anapanda bei. Novemba mpaka Machi ni kaskazi, bahari inatulia lakini joto lake, mtu aliyezoea baridi ya Nakuru, mita 1,850 juu ya bahari, Februari atajua hajui. Sisi tulipenda sana Julai na Agosti, jioni unaweza hata kuvaa sweta nyepesi. Na chumvi, jamani chumvi. Inakula pasi, inakula friji, inakula bawaba za mlango. Msibebe vyombo vya bei kutoka nyumbani.

Makaratasi. Watu wa huku kwetu, haswa nyinyi wa Busia na Malaba, mmezoea kuvuka kwenda Uganda na kitambulisho tu mfukoni. Horohoro, mpaka wa kuingilia Tanga, si hivyo, kitambulisho peke yake hakikuvushi, unataka pasipoti au kile kibali cha muda cha kusafiria. Visa hatulipi. Ila siku unazogongewa zimeandikwa kwa huo muhuri, soma pale pale dirishani kabla hujatoka kwenye foleni, uandike kwa kalenda, na ukitaka kukaa zaidi uanze kuomba kibali cha ukaazi mapema, si siku ya mwisho.

Pensheni iache iingie akaunti yako ya Kenya kama kawaida. M-Pesa ya huku inatuma mpaka M-Pesa ya Tanzania, na laini ya kule utasajiliwa kwa pasipoti na alama za vidole. Lakini laini yako ya Kenya usiiache ife, iwekee kredo mara kwa mara, kwa sababu benki inatuma namba za siri huko huko, na nimeona mzee mwenzetu amekwama wiki tatu bila pesa yake mwenyewe kwa sababu ya laini. Bei za kule zisikutishe, shilingi yetu moja ni kama 20 za kwao, kwa hivyo ukiambiwa samaki ni elfu kumi gawanya kwanza ndio ushtuke.

Na mama aendelee kuchora hiyo nyumba, mchoro haulipishwi. Ila aichore kwa ploti ya Lanet.

Sisi ni wazee wawili wa Mamboleo, ziwa tunaliona tukiwa mlangoni. Watoto wanasema twende tukaone bahari huko Tanzania, mimi nauliza bahari iko na nini ambayo ziwa halina? Samaki tunakula, upepo tuko nao, biichi tuko nazo.
*Mzee wa Mamboleo, Kisumu*

Mzee wangu, sitakubishia kuhusu samaki, ngege aliyetoka majini asubuhi pale Dunga na kuon (ugali) na mboga ya osuga kando hakuna mji wa pwani umenipa kitu cha kushinda hiyo. Lakini wacha nikuambie vitu viwili ambavyo bahari inavyo na ziwa halina, halafu uamue.

Cha kwanza ni kwamba maji yanaondoka. Ziwa letu unalikuta pale uliliacha. Bahari unatoka nyumbani saa nne asubuhi na taulo begani unakuta maji yameenda, kabisa, mbele yako ni mchanga na mawe na mashimo yenye samaki wadogo, kina mama wameinama wanaokota kombe na kuchokora pweza, na mahali ulipoogelea jana mtu anapita na baiskeli. Baada ya saa sita hivi yamerudi yanapiga ukuta. Yanajaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku yanachelewa kama dakika 50 kwa sababu yanafuata mwezi. Mwezi ukiwa mpevu au ukiandama, hiyo ni bamvua, yanajaa sana na yanapwa mbali sana, mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, yanasogea kidogo tu. Wavuvi hawaangalii saa, wanaangalia mwezi. Mzee wangu alikuwa mtu wa reli, maisha yake yote ni ratiba, na kitu cha kwanza alichonunua Tanga kilikuwa daftari, akawa anaandika kila siku maji yamejaa saa ngapi. Miezi mitatu hivi, mpaka vijana wa ngalawa wakaanza kumuuliza yeye. Sijawahi kumuona na furaha hiyo tangu aache kazi.

Cha pili ni kichocho. Wewe unajua ukiingia ziwani kuoga na kukaa kwa maji ya kando kando yenye konokono unaweza kuokota kichocho. Konokono wale ni wa maji matamu, baharini hakuna, na mtu wa miaka 70 anaweza kukaa majini mpaka kifuani asubuhi nzima, magoti yakapumzika. Mimi magoti yangu ndio yaliniuzia bahari. Vaa tu viatu vya raba ukiingia, kuna wale wadudu wa duara wenye miiba mieusi mirefu wanakaa kwenye mawe, ukimkanyaga mmoja utalala na mguu juu.

Lakini kama safari ndefu ndio inakusumbua, basi pitia Isebania mvuke Sirari muende Mwanza. Ni nje ya nchi, ni ziwa lile lile ulilolizoea, na mtaona mji uliojengwa katikati ya mawe makubwa. Mnaweza kuanzia hapo, bahari haiendi mahali.

Nina miaka 66, nina presha. Mzee ana sukari na anajidunga insulini. Daktari hajakataa tusafiri ila sikupata nafasi ya kumuuliza mengi. Pia nasikia kuna kadi ya njano, ni lazima?
*Mama wa Kakamega*

Mama, rudi kwa daktari. Panga siku yake peke yake, usiulize mlangoni ukitoka, na swali la kwanza liwe hiyo kadi.

Kadi ya njano ni ya chanjo ya homa ya manjano, na Mkenya akiingia Tanzania anaulizwa kwa sababu nchi yetu iko kwenye orodha ya nchi zenye ugonjwa huo. Ukidungwa mara moja inatosha maisha yote, mambo ya kurudia kila miaka kumi yaliisha 2016, na inaanza kuhesabika siku ya kumi baada ya sindano, kwa hivyo msingoje wiki ya safari. Sasa sikiliza vizuri hapa. Mtu aliyepita miaka 60 na hajawahi kudungwa hiyo chanjo, madhara yake mabaya ingawa ni nadra yanampata zaidi kuliko kijana. Hii haimaanishi usidungwe, inamaanisha ni daktari anayekujua ndiye aamue, na akiona haifai kwako kuna barua rasmi ya kitabibu ya kusamehewa chanjo, unaibeba pamoja na pasipoti. Msinunue kadi mtaani. Kuna watu wanauza kadi bila sindano, tafadhali msifanye hivyo.

Presha na joto. Kama kati ya dawa zako kuna zile za kukufanya uende haja ndogo mara nyingi, ukifika pwani unatoka jasho na huku dawa nayo inatoa maji, ukisimama ghafla unaona giza. Ilinipata mimi sokoni Ngamiani, nikakalishwa kwenye gunia la nazi na kina mama nisiowajua, wakanipepea na ukili mpaka nikarudi. Mwambie daktari unaenda mahali pa joto, anaweza kupima upya dozi. Usijipunguzie mwenyewe.

Insulini ya mzee haipendi joto wala kugandishwa. Njiani msiiweke kwa buti la gari wala dirishani. Mkiwa mahali stima inapotea, mtungi wa udongo wenye maji unasaidia sana, funga dawa kwa mfuko usioingiza maji, weka kwa kikombe ndani ya mtungi, kivulini penye upepo, mtungi wa udongo unatoa jasho na hivyo unapoa wenyewe. Na mwombe daktari aandike jina la dawa yenyewe, si jina la kampuni kwenye pakiti, kwa sababu pakiti za kule ni tofauti.

Malaria pia. Wewe wa Kakamega unaijua, lakini wale wa Nakuru na Molo hawana mazoea nayo, mwili wao haujazoea, ikiwashika inawaangusha. Neti, na homa yoyote mpimwe siku hiyo hiyo.

Kwa sababu ya haya yote mimi ningewaambia mji wenu mkubwa uwe Tanga wenyewe, hospitali ya Bombo ndio ya rufaa ya mkoa na iko hapo hapo mjini karibu na maji. Pangani ni tamu zaidi, mto unaingia baharini pale, Ushongo ina mchanga ambao Tanga mjini hakuna, kwa ukweli Tanga mjini ufuko wake ni wa mikoko na tope zaidi, lakini Pangani ni kama kilomita 50 kutoka hospitali kubwa. Lala Tanga, tembea Pangani. Na SHA yako, bima ya afya ya serikali yetu, msiitegemee mkishavuka mpaka, tafuteni bima ya safari, na muulize wazi kama inashughulikia presha na sukari mliyokuwa nayo kabla, kwa sababu nyingi hapo ndipo zinakimbia. Mkienda mpaka Zanzibar, tangu Oktoba 2024 kuna bima ya kule kule ya lazima kwa wageni, mjiandae nayo.

Ni kweli Wakenya tunachekwa Kiswahili huko? Mume wangu hana subira ya kuchekwa.
*Mama wa Njoro*

Hawakucheki, wanaumia tu. Sisi tukiingia dukani tunasema "nipe maji", kwetu hakuna ubaya, kule ni kama umegombana na mtu. Sema "naomba maji", na kabla ya hiyo salimu, na yeyote aliyekuzidi umri mpe shikamoo yake. Nyinyi wazee mtapewa nyingi, jibuni marahaba, msiseme poa. Tuktuk ni bajaji, matatu ni daladala, tokeni za stima ni luku, waru sema viazi mviringo. Na mzee asikutambulishe kwa watu kama "bibi yangu", bibi kule ni nyanya, mama wa baba au wa mama yake. Aseme mke wangu. Wiki mbili mtakuwa sawa.

Mume wangu amestaafu mwaka jana na kila siku ni bahari, bahari. Ananionyesha picha za Bagamoyo kwa simu. Mimi nina wajukuu wanne hapa nyumbani, nina chama, nina kuku, nina kanisa. Pia naogopa, tukifia huko itakuwaje? Kwetu mtu lazima azikwe nyumbani. Sitaki kumvunja moyo lakini sitaki kwenda.
*Mama wa Bungoma*

Dada, barua yako nimeisoma mara nyingi, nilitaka kuijibu ya kwanza halafu nikaona niiweke mwisho ndio nisiikimbize.

Nikuambie ukweli, mimi pia sikutaka kwenda. Mzee wangu alikuwa na ndoto na mimi nilikuwa na maisha, na hivyo si kitu kimoja. Mwanamume akistaafu kazi inaisha siku moja, anaamka asubuhi hana pa kwenda. Wewe yako haijaisha, kuku wanataka kula leo vile walitaka jana. Kwa hivyo yeye anatafuta mahali pa kuanza na wewe hujamaliza. Mwambie hivyo hivyo, kwa maneno hayo, kabla hujamwambia hapana. Wangu nilipomwambia alinyamaza siku mbili halafu akauliza kuku wanakula mara ngapi.

Hilo la kufa huko, usione aibu kuliuliza, wengi wenu wa magharibi mmeliuliza na kuzungukazunguka. Mtu akifariki Tanzania mwili unaweza kurudi nyumbani kwa barabara, lakini inataka cheti cha kifo cha kule, cheti cha daktari kwamba mwili umetiwa dawa, kibali cha kusafirisha, na ni vizuri ubalozi wetu Dar es Salaam ujue mapema. Inawezekana, ila inataka pesa na mtu wa kukimbia. Kwa hivyo kabla hamjaenda, kaeni na watoto mseme nani atakimbia na pesa iko wapi, na muulize chama chenu cha matanga kama michango yake inavuka mpaka au inaishia Kenya. Sisi tuliandika karatasi moja, tukaipa binti yetu wa pili, na nililala vizuri usiku huo kuliko nilivyolala miezi mingi.

Lakini kwa sasa, usiende Bagamoyo. Nenda Watamu. Ni Kenya, bahari ni ile ile, hakuna muhuri wala kadi. Mwambie mzee wiki tatu. Mkifika Nairobi pandeni treni ya SGR Syokimau mpaka Miritini, Mombasa, ya kawaida ni 1,500 mtu mmoja, kutoka hapo magari ya Malindi yapo na mnapita juu ya daraja la Kilifi mchana ndio muone ile maji chini. Nasema Watamu na si Malindi kwa sababu wakati wa mvua Mto Sabaki unamwaga udongo wote wa bara pale Malindi, maji yanakuwa rangi ya chai, na mtu anayeona bahari mara ya kwanza asiione hivyo. Mbuga ya majini ya Watamu iko tangu 1968, na magofu ya Gedi yako karibu, yameingia kwenye urithi wa dunia mwaka 2024, mzee wako akipenda historia mpeleke huko akuachie asubuhi yako.

Kuku mpe jirani wa chama na mayai yawe yake. Wajukuu nao, mwende Agosti shule zikifungwa, mchukue wawili wakubwa, wale wadogo wangoje zamu yao. Utakuwa na mtu wa kushika mkono kwa maji na hutakuwa umewaacha. Ukirudi na moyo bado uko Bungoma, basi mzee atakuwa amejua, na yeye anaweza kuenda wiki zake mbili Bagamoyo na rafiki, ndoa haivunjiki kwa hiyo. Mwambie tu nauli ya wajukuu analipa yeye.